Nondo Iliyoegemea Ukutani

Orose, 6 Septemba

Mjukuu wangu Kanae,

Joto limekataa kuondoka. Mpunga umeshainamisha vichwa, lakini kereng'ende wekundu bado hawajashuka kutoka mlimani, na babu yako anashinda mbele ya feni kama samaki aliyeanikwa. Salamu ndizo hizo. Sasa sikia habari.

Jana mwenyekiti wa kijiji alikuja na boksi la vitumbua vya maharage. Nikajua pana jambo, maana yule bwana hatoi kitu bure. Akaniandikia kwenye kibao changu kwa herufi kubwa, utadhani uziwi wangu uko machoni: daraja jipya litafunguliwa tarehe tatu Novemba, na nyumba itakayolivuka kwanza ni yetu. Unaijua mila. Wanandoa wa vizazi vitatu, nyumba moja, wote hai. Mimi na babu yako, baba yako na mama yako, mdogo wako Shunpei na Mio wake. Orose nzima hakuna nyumba nyingine iliyotimia isipokuwa ya kina Endo, na mzee Endo na mkewe hawajasemezana tangu mwaka wa mafuriko. Wangetembeaje bega kwa bega? Bi Endo alikuja kunipongeza na tabasamu la kuazima.

Babu yako alikwenda kabatini akatoa glavu zake nyeupe za enzi za basi, akazifua mwenyewe, akazianika. Miaka yote aliyoendesha basi la Orose, kila akifika kwenye lile daraja kuukuu alisimama, akanyoosha kidole, akaita "Mbele salama", ndipo akavuka. Tangu walifunge kwa kuwa chumvi ya kuyeyushia theluji imelila, amekuwa akishuka mtoni kutazama nguzo zilizobaki. Sasa anataka kulivuka jipya kwa miguu yake, na glavu mkononi.

Shunpei anasema vipande vya zege vya daraja vinamwagwa huko Sakata kwenye yadi yenu, na kwamba wewe ndiye unayevikagua. Nimemwambia Bi Endo. Nimemwambia mara mbili.

Bibi yako, Fusa


Sakata, 11 Septemba

Shikamoo Bibi,

Hongereni. Nimefurahi sana, na nimecheka kuhusu Bi Endo mpaka wenzangu wakageuka.

Ni kweli, mimi ndiye mkaguzi. Hili si zege ulijualo wewe la kubeba kwa ndoo. Maji yake ni machache sana, unga wake ni laini kuliko unga wa mchele, na ndani mna nyuzi za chuma fupi, nyembamba kama sindano. Nyuzi hizo ndizo zinazoshikilia kila kitu. Ndiyo maana vipande ni vyembamba na vyepesi, nguzo za zamani zinaweza kuvibeba, na chumvi haipati pa kupenya.

Lina tabia moja mbaya. Likikaa kidogo kwenye joto na upepo, linaota utando juu, kama mochi ya mchele iliyosahauliwa mezani. Ukimwaga zege jingine juu ya utando, yanalala pamoja bila kushikana, na kwa nje huoni kitu. Kwa hiyo kazi ikikatika, mtu huuchoma na kuuchana utando kwa nondo ya chuma kabla ya kumwaga tena. Kisha ananyoosha kidole na kuita "Utando umevunjwa", nami najibu "Umevunjwa, sawa". Hatuendelei mpaka sauti mbili zisikike. Kama Babu na basi lake.

Bibi, sherehe ikisogezwa mbele kidogo, kijiji kitaonaje? Nauliza tu.

Na moyo wa Babu unaendeleaje? Dawa anakunywa?

Mjukuu wako, Kanae


Orose, 17 Septemba

Kanae,

"Nauliza tu" ni hodi ya mtu ambaye ameshaingia ndani. Nimekulea mimi, usinizungushe.

Habari ya mochi naijua tangu kabla mama yako hajazaliwa. Ikishaota ngozi, ukiibandika na mwenzake zinabaki mbili hata uzikande kwa hasira gani. Kwa hiyo hilo nimelielewa. Nisilolielewa ni kwa nini umeniandikia ukurasa mzima wa utando na mistari miwili ya sherehe.

Nilipoanza kuwa kiziwi nililia sana. Siku hizi silii. Watu wenye masikio hudanganywa nayo. Mwuza samaki anasema "wa leo asubuhi" huku kidole chake kimemfunika samaki jicho. Daktari anasema "hali si mbaya" huku mkono unakunja karatasi. Mimi maneno yananipita, kwa hiyo naangalia mikono, na mikono haijui kusema uongo. Wako uko mbali, lakini nauona unaficha kitu nyuma ya mgongo. Kitoe.

Babu yako hajambo. Anakula kama mchukuzi. Jana ameigombeza redio kwa sababu ya utabiri wa mvua.

Samahani kwa penseli, kalamu sikuiona.

Fusa


Sakata, 22 Septemba

Shikamoo Bibi,

Nakitoa.

Mwisho wa Agosti tulikuwa tunamwaga kipande cha sita, kile kitakachokaa katikati ya mto. Siku hiyo ulivuma ule upepo wa moto wa kutoka milimani. Mashine ya kuchanganyia ikazima kazi ikiwa nusu, tukakaa tunaisubiri huku tunajifuta jasho. Ilipowaka, Bwana Nagaoka, msimamizi wa kikosi, akanyoosha kidole, akaita "Utando umevunjwa". Nikajibu "Umevunjwa, sawa". Zege likamwagwa.

Tangu siku ile nina wasiwasi, na nilikuwa sijui unatoka wapi. Uliponiandikia kuhusu mikono nilifumba macho nikautafuta mkono wa Nagaoka. Mmoja umenyoosha kidole. Wa pili uko kiunoni. Nondo imeegemea ukutani, kavu, na mtu ametundika taulo juu yake. Niliiona, Bibi. Niliiona na bado nikajibu sawa, kwa kuwa sikio lilikuwa limeshasikia linachotaka.

Nilimwendea.

"Bwana Nagaoka, siku ile mashine ilipozima, utando uliuvunja?"

"Niliita. Hukusikia?"

"Nilisikia."

"Na ulijibu?"

"Nilijibu."

"Basi mhandisi, tumemaliza. Au unataka niite tena, safari hii na ngoma?"

Vijana wake wakacheka. Yeye hakucheka.

Nikaenda kwa mkuu wetu, Bwana Mizoguchi. Akaniambia sampuli zote za kipande cha sita zimepimwa na zimepita. Nikamjibu kwamba sampuli humwagwa kwa mkupuo mmoja, haziwezi kuonyesha utando. Akavua miwani. "Ukitaka tukitoboe, andika barua rasmi, na jina lako liwe chini. Usipokuta kitu, umeharibu kipande kizima bure. Ukikuta, tunamwaga upya, theluji inatukuta, ufunguzi unakwenda Aprili. Halafu nasikia bibi yako ndiye wa kwanza kuvuka. Hongera." Hakuwa ananitisha, Bibi. Alikuwa amechoka tu, nadhani anatamani nisingemwambia.

Nikiandika, mtazunguka mlima kwenda hospitali majira yote ya baridi, na mtavuka Aprili. Nisipoandika, mtavuka Novemba nyote sita, na mimi nitasimama ukingoni nikihesabu hatua zenu mpaka mfike ng'ambo. Malori yanakuja kupakia mwanzoni mwa Oktoba.

Niambie ukweli. Babu anaweza kungoja Aprili?

Na kwa nini penseli? Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba penseli ni ya maseremala na ya watu wanaotaka kufuta walichosema.

Kanae


Orose, 25 Septemba

Kanae,

Andika hiyo barua.

Babu yako anaweza kungoja Aprili, na Aprili nyingine baada yake. Mtu aliyengoja abiria wa Orose, na unawajua walivyo wazito kutoka majumbani, hashindwi kungoja daraja. Leo asubuhi amenitania kwamba kimono changu kitanibana nikiendelea kula vitumbua vya mwenyekiti. Bi Endo atafurahi kusikia tumeahirisha. Mwache afurahi, naye ana haki yake.

Penseli ni kwa kuwa kalamu imekauka wino. Usiwe mtu wa kuuliza uliza.

Fusa


Orose, 27 Septemba

Dada,

Mama amenikataza nisiandike. Mio amenikataza. Bibi amenitishia kwa kijiti cha kulia chakula. Naandika.

Babu yuko hospitali tangu katikati ya mwezi huu. Moyo umechoka. Tulimpeleka kwa kuzunguka mlima, na njia nzima Mama alikuwa akimpangusa uso na kumwita jina. Bibi analala kitini pembeni ya kitanda, amekataa kurudi nyumbani. Barua zake za karibuni ameziandikia pale, kwa penseli ya muuguzi. Ile redio iliyogombezwa haipo. Kula kama mchukuzi hakupo pia, anakula vijiko viwili vya uji na kusema ameshiba.

Daktari amesema Novemba, kwa kiti cha magurudumu, labda. Tulipomuuliza kuhusu Aprili alikunja karatasi zake.

Kila asubuhi Babu anauliza zimebaki siku ngapi. Glavu ziko mezani pembeni yake, amekataa zisiwekwe kwenye droo. Jana Bibi amenionyesha barua yako, na amenikataza nisikuambie lolote. Dada, unataka kulitoboa daraja kwa sababu ya nondo uliyoiona ukutani mwezi uliopita. Una uhakika? Kama huna, utamnyang'anya mzee kitu pekee anachokingoja, kwa wazo tu. Kama unao, nisamehe. Lakini ujue unachokikata.

Shunpei


Sakata, 29 Septemba, kwa posta ya haraka

Shikamoo Babu,

Barua yangu rasmi niliipeleka Jumamosi asubuhi. Ya Shunpei nimeipokea leo.

Wanatoboa Ijumaa. Mpaka Alhamisi jioni naweza kuingia kwa Mizoguchi nikasema nimekosea, naye atanishukuru na kuninunulia pombe. Nagaoka ataacha kunitazama vile anavyonitazama. Nawe utavuka.

Sina uhakika, Babu. Pengine aliitumia nondo akairudisha nilipogeuka. Pengine utando ulikuwa mwepesi ukayeyuka wenyewe. Naogopa kutoboa nikakuta kitu, na naogopa kutoboa nisikute.

Bibi amenidanganya barua mbili mfululizo. Wewe hujawahi kunidanganya. Nifanye nini?

Nimemkasirikia. Mwambie. Halafu mwambie ale.

Kanae


Hospitali, 1 Oktoba

Kanae,

Marahaba. Nitasema machache.

Nimelivuka daraja lile asubuhi na jioni, basi limejaa. Kila mara nilisimama, nikatazama, nikanyoosha kidole, nikaita. Abiria walikuwa wakinicheka: "Mzee Tokuji, daraja litakimbilia wapi?" Sikuwa naita ili wanisikie. Kuita ni mwisho wa kutazama. Anayeita bila kutazama, huyo anaimba.

Unaniuliza kama nitangoja Aprili. Sitangoja, mjukuu wangu, na bibi yako anajua, ndiyo maana anaandika upuuzi kuhusu redio. Inaniuma. Nilitaka kuvuka. Lakini sisi tutavuka mara moja, tupigwe picha, turudi nyumbani. Wa pili kuvuka ni basi la shule.

Toboa. Usipokuta kitu, njoo tucheke pamoja, na Mizoguchi nitamwandikia mimi.

Bibi yako usimkasirikie. Alitaka ulitazame daraja, usinitazame mimi.

Tokuji


Sakata, 4 Oktoba

Shikamoo Babu, shikamoo Bibi,

Jana tumetoboa.

Nagaoka aliomba ashike mashine mwenyewe. Hakuna aliyemkatalia, hata Mizoguchi. Ilizunguka kwa muda mrefu, maana zege lile ni gumu kuliko jiwe, na maji ya kupozea yalikuwa yakitiririka mpaka kwenye viatu vyetu. Hatimaye kikatoka kipande cha mviringo, kinene kama figili. Kwa nje kilikuwa kizima. Nilikitazama nikasema moyoni, basi, nimemdhulumu Babu.

Nagaoka akakiinua kwa mikono miwili. Kikaachana. Hakukivunja, Bibi, alikiinua tu, na nusu ikabaki mkono huu na nusu mkono huu. Tukatazama mahali kilipoachana. Palikuwa laini kama sahani. Hakuna hata uzi mmoja uliovuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili.

Vijana waliokuwa wakicheka siku ile waliangalia chini. Nagaoka akakaa pale akizishika zile nusu mbili, akajaribu kuzirudisha pamoja.

"Niliita," akasema.

"Nami nilijibu," nikamwambia.

Tukainamiana kuombana radhi, muda mrefu. Mizoguchi alivua kofia yake ngumu akaenda kupiga simu. Kipande cha sita kitavunjwa na kumwagwa upya. Ufunguzi ni Aprili.

Nilidhani ningefurahi kuwa sikukosea. Sijafurahi. Nimekaa kwenye gari hapa nje ya yadi nikalia mpaka mlinzi akaja kugonga kioo. Shunpei aliniambia nijue ninachokikata. Babu, najua.

Ninakuja kesho, kwa kuzunguka mlima. Bibi, rudi nyumbani ukalale kitandani. Zamu ya kiti ni yangu.

Kanae


Orose, 20 Aprili

Mjukuu wangu Kanae,

Theluji imeyeyuka mpaka miguuni mwa mlima, na machipukizi ya mtoni yametoka. Nimeyakaanga, nikaweka ya kwanza mbele ya picha ya babu yako kama kila mwaka alivyopenda, yaani yakiwa bado yanaunguza ulimi. Tangu tumzike Desemba nimekuwa nikipika kidogo na kubakiza kingi.

Umesema kazi yako ya sasa huko Kagoshima, kusini kabisa, haikukupa ruhusa ya kuja kwenye ufunguzi. Mkono wako unasema hukutaka kuwaona kina Endo wakitembea mahali petu. Sikulaumu. Lakini kwa kuwa hukuja, nitakueleza.

Kina Endo walivuka kwanza, wote sita, wamevaa vizuri, hilo siwezi kulikana. Mzee Endo na mkewe walianza kila mtu akitazama upande wake. Walipofika katikati, juu ya kipande chako cha sita, Bi Endo akasimama, akamgeukia mumewe, akamnyooshea kola. Sijui alimwambia nini. Mwenyekiti anasema aliyasikia yote na hayafai kurudiwa, lakini mimi niliuona mkono, na mkono ulikuwa wa mke. Walimaliza safari wameshikana viwiko. Nilidhani nitaona wivu, na niliuona, halafu ukapita.

Kisha likapita basi la shule. Watoto walikuwa wamebandika nyuso kwenye vioo. Likafika katikati, likapita, likatokea ng'ambo. Hapo tu ndipo nilipopumua.

Nikangoja watu wote wapite. Shunpei akanishika mkono, nikamwondoa. Nilivaa glavu za babu yako. Ni kubwa kwangu, vidole vinaning'inia. Nikasimama mwanzo wa daraja pale pale alipokuwa akisimamisha basi, nikatazama: ukingo wa kulia, ukingo wa kushoto, maungio yote, maji chini. Nilitazama mpaka watu nyuma yangu wakaanza kukohoa, niliyaona mabega yao yakitikisika. Nilipomaliza kutazama, nikanyoosha kidole, nikaita "Mbele salama". Mio anasema niliita kwa sauti iliyowatimua kunguru wa hekaluni. Mimi sikuisikia, na sikuhitaji kuisikia.

Ng'ambo alisimama mwanamume mmoja peke yake, suti imembana, hakuna aliyemwalika. Shunpei akaniandikia kwenye kibao: Nagaoka. Alikuwa amesikia. Kabla ya kunijibu, alipiga magoti kwenye sakafu ya daraja akiwa na suti yake, akapitisha kiganja kwenye maungio, polepole, kutoka ukingo hadi ukingo. Ndipo akasimama, akanyoosha kidole, mdomo ukafunguka.

Nikavuka. Sikuharakisha. Kuna upepo mzuri pale katikati.

Daraja liko salama, Kanae. Nimelivuka kwenda na kurudi, na nimekuandikia haya kwa kalamu.

Bibi yako, Fusa